Diploma inakuweka juu ya watu, haikufundishi kuwaongoza



Kuna swali ambalo wadogo zetu wananiuliza kila mara wanapopata nafasi mu kampuni: "Yaya, balisha kunipatia ekipi. Nifanye namna gani batu baniheshimu?" Nawaelewa. Umetoka chuo, una miaka 26 au 27, stazhi imeisha juzi tu, na leo unaitwa shefu mbele ya watu kumi, wengine wana watoto wa umri wako. Heshima inakuwa jambo la kwanza kichwani.

Lakini mimi nawaambia waanze na swali lingine. Je, watu hao watafanya kazi yao vizuri zaidi, na watarudi nyumbani wazima jioni, juu wewe uko hapo? Ukiweza kujibu ndiyo, heshima inakuja yenyewe. Usipoweza, utapiga makelele miaka yote na watakuogopa tu ukiwa karibu.

Nimefanya kazi ya matengenezo ya mashini hapa Haut-Katanga miaka kadhaa, kwanza chini ya mashefu, kisha nikiongoza ekipi. Leo nataka kueleza jambo moja: kusimamia watu ni ufundi kama kulehemu au kufanya hesabu ya pampu. Una hatua zake. Unafundishwa na unajifunza. Shida yetu ni kwamba chuoni tulisoma miaka mitano na karibu hatukugusa ufundi huo, kisha siku ya kwanza ya kazi wanatukabidhi watu.

Kivuli cha kapita

Picha ya shefu tuliyo nayo kichwani haikutoka hewani. Babu zetu walifanya kazi chini ya kapita. Neno hilo lina asili ya Kireno, na katika Congo ya ukoloni lilikuwa jina la msimamizi Mwafrika aliyewekwa kati ya wafanyakazi na mzungu. Union Minière du Haut-Katanga ilipoanzishwa mwaka 1906, na katika mashamba, barabara na reli, kapita alikuwa mtu wa kuhesabu watu, kuwasukuma, na kupeleka majina ya wenye kosa juu. Hakuna aliyempima kwa jinsi watu wake walivyojifunza kazi. Alipimwa kwa kazi iliyomalizika kabla jua halijashuka.

Kapita ameondoka, lakini namna yake imebaki. Tunaiona kwa shefu anayesimama nyuma ya watu mikono kiunoni. Tunaiona kwa yule anayeficha ujuzi wake, juu anaogopa kijana akijua kila kitu atachukua nafasi yake. Na tunaiona kwa sisi wasomi, tunapofikiri kwamba shefu mzuri ni yule ambaye watu wananyamaza akiingia.

Kuna pia sababu ya pili, na hii haihusu Congo peke yake. Makampuni mengi yanampandisha cheo yule aliye fundi bora. Mwaka 1969 Laurence Peter na Raymond Hull walitoa kitabu kilichoeleza jambo hilo kwa kucheka na kwa ukweli: mtu anapandishwa kwa sababu anaweza kazi aliyo nayo, mpaka afike kwenye kazi ambayo haiwezi. Mekaniki mkubwa anawekwa kuwa shefu bila kufundishwa ushefu. Kampuni inapoteza mekaniki mzuri, inapata msimamizi mubaya, kwa siku moja.

Mambo matano ya msimamizi

Mwaka 1940 Marekani ilikuwa inajitayarisha kwa vita. Viwanda vilihitaji kutengeneza meli, ndege na silaha haraka, na baadaye mafundi wengi wazoefu walienda jeshini. Watu wapya, kati yao wanawake wengi, waliingia viwandani bila kujua kazi. Nani angewafundisha? Serikali ikaanzisha programu iliyoitwa Training Within Industry, kwa kifupi TWI. Haikuenda kwanza kwa wafanyakazi wapya. Ilienda kwa wasimamizi, kwa vikundi vidogo vya watu kama kumi, masaa kumi kwa kila somo. Ilipofungwa mwaka 1945, wasimamizi zaidi ya milioni moja na nusu walikuwa wamepita humo. Baada ya vita masomo hayo yalipelekwa Japani, na Toyota ni kati ya makampuni yaliyoyashika sana.

TWI ilisema msimamizi anahitaji mambo matano. Mawili ni ya kujua: kujua kazi yenyewe, na kujua madaraka yake, maana yake sheria, kanuni na mipaka ya nafasi yake. Matatu ni ya kuweza kufanya: kufundisha, kuboresha njia ya kazi, na kuongoza watu.

Angalia hapo. Diploma yetu inagusa la kwanza, tena nusu, juu kazi ya kweli tunaikuta kiwandani. Manne yaliyobaki tunaachiwa tuyaokote njiani.

Kufundisha: mfano wa mkanda wa mawe

Nichukue mfano mmoja ambao unaweza kuondoa mkono wa mtu. Mu viwanda vyetu vya shaba na kobalti kuna mikanda mirefu ya kubeba mawe. Mawe yanaanguka, tope linashika kwenye silinda, mtu anatumwa kusafisha. Mkanda ukiwaka wakati mkono uko ndani, hakuna muda wa kuutoa.

Shefu wa namna ya kapita anafundisha hivi: "Mbele ya kusafisha, kata umeme. Ulielewa?" Kijana anajibu: "Ndiyo shefu." Kazi imeisha kufundishwa. Lakini kijana angesema nini kingine? Yeye ni mgeni, anataka kazi, hawezi kusema hakuelewa mbele ya wenzake.

TWI ina hatua nne, na ziko rahisi.

Ya kwanza ni kumtayarisha mtu. Mtulize, muulize anajua nini tayari kuhusu kazi hiyo, mweleze kwa nini ina maana. Msimamishe fashi anaweza kuona vizuri mikono yako inafanya nini.

Ya pili ni kumwonyesha kazi. Ifanye wewe mwenyewe, hatua moja moja, ukisema kila hatua. Rudia tena, sasa ukitaja jambo la kuangalia katika kila hatua, pamoja na sababu yake. Kwa mkanda wetu: simamisha mkanda. Kata umeme kwenye sanduku lake. Weka kufuli, ile tunaita kadena, na ufunguo ukae mfukoni mwako, juu mwenzako akirudi kutoka mapumziko asije akawasha bila kujua. Kisha bonyeza kitufe cha kuwashia, uhakikishe mkanda hautembei, juu unaweza kuwa umekata umeme wa mkanda wa jirani. Hapo tu ndipo unaingiza mkono.

Ya tatu ni kumpa afanye. Anafanya kimya mara moja, ukimrekebisha papo hapo. Anafanya tena akikueleza kila hatua. Anafanya tena akieleza kwa nini. Akishindwa kueleza kwa nini ufunguo ukae mfukoni mwake, hajaelewa, hata kama mikono yake imefuata vizuri.

Ya nne ni kumwacha afanye peke yake, lakini umwambie amwendee nani akiwa na swali, na wewe upite mara nyingi siku za kwanza, kisha mara chache zaidi kadiri anavyozoea.

Ukiisha kufanya hivyo, huna tena haja ya kuuliza "ulielewa?". Umeona kwa macho yako. Na kama mtu bado hajui, kanuni ya TWI inamrudishia mwalimu mzigo: aliyepaswa kufundisha ndiye bado hajamaliza kazi. Hiyo ni ngumu kwetu kuimeza, juu tumezoea kusema, "Huyu kijana ana kichwa nguvu."

Wengine watasema hawana wakati wa hayo yote. Somo la mkanda linachukua nusu saa. Ajali moja inasimamisha kazi siku nzima, na familia moja inaishi nayo maisha yote.

Kuboresha kazi pamoja na wanaoifanya

Ustadi wa pili ni kuangalia kazi na kuuliza. Kwa nini hatua hii inafanyika? Ina faida gani? Ifanyike wapi, wakati gani, na nani, na kwa namna gani? Ukipata majibu, unaondoa kisichohitajika, unaunganisha vinavyoweza kwenda pamoja, unabadilisha mpangilio, unarahisisha kilichobaki.

Tuseme stoo ya vyombo iko upande mwingine wa kiwanda, na kila funguo ya kufungulia bolti inaombwa kwa karatasi. Mtu anakwenda, anangoja sahihi, anarudi, anakuta alihitaji saizi nyingine. Usianze kumwandikia kwamba ni mvivu. Hesabu safari zake kwa siku moja. Kisha peleka hesabu hiyo kwa wakubwa na uombe sanduku la vyombo vya kila siku likae ndani ya atelie, mtu mmoja akilijibia.

Mara nyingi wazo zuri liko tayari kichwani mwa mfanyakazi. Hajalisema kwa sababu hakuna aliyemuuliza, au alisema na shefu akalipeleka juu kwa jina lake mwenyewe. Ukipokea wazo la mtu, litaje kwa jina la mwenye nalo. Haikugharimu hata franka moja.

Kuongoza: mzee ambaye anajua kuliko wewe

Sasa tuje kwa jambo linalowatesa vijana wengi. Una ekipi, ndani yake kuna papa wa miaka 55. Amegusa mashini hiyo tangu wewe uko shule ya msingi. Unatoa amri, anakuangalia tu na kusema: "Mwana, hii kazi niliijua mbele uzaliwe."

Wengine wanajibu kwa diploma: "Mimi njo ingenieri hapa." Wameshinda neno, wamepoteza mtu. Kuanzia siku hiyo mzee atafanya kile tu kilichoandikwa, na siku mashini itatoa sauti mbaya, atakaa kimya.

Wengine wanafanya kinyume. Wanamwogopa mzee, wanamwacha afanye anavyotaka, hata asipoweka kadena. Huo nao ni ubaya, juu vijana wote wanamwiga yeye, hawakuigi wewe.

TWI ilikuwa na misingi minne ya kuishi vizuri na watu wa kazi: mwambie kila mtu kazi yake inaendaje, msifu anayestahili, na umsifu mapema, waambie watu mbele ya wakati kuhusu mabadiliko yatakayowagusa, tumia uwezo wa kila mtu kwa ukamilifu. Huo wa mwisho ndio ufunguo wa mzee wetu. Nenda kwake kabla ya kutoa amri yoyote, umwite kama tunavyowaita wakubwa kwetu:

"Papa, mimi niko mugeni ku mashini hii. Munionyeshe namna munaifanyaka, na mambo gani inasumbuaka."

Hujashuka cheo. Umetambua ukweli ulio wazi kwa kila mtu. Kisha mpe kazi inayolingana na ujuzi wake: awe yeye anayefundisha vijana kusikiliza beringi, kwa hatua zile nne. Mara nyingi mzee aliyekuwa mgumu anabadilika siku anapoombwa kufundisha, maana miaka yote alipewa amri tu.

Na kuhusu usalama, hapo husogei. Lakini unamwita kando, mbali na watoto wake wa kazi:

"Papa, vijana wote banaangalia nyinyi. Mukiingia bila kadena, kesho mumoja wao ataingia bila kadena, na yeye hana mazoezi yenu. Naomba muniunge mkono hapo."

Dada zetu wahandisi wanapimwa mara mbili, kwa umri na kwa kuwa wanawake. Njia ni ileile, ila sisi wanaume wa cheo sawa tuna deni la ziada: tusiwarukie kwa kutoa amri kwenye ekipi zao, na mfanyakazi akija kwetu kutafuta jibu alilokataliwa na shefu wake mwanamke, tumrudishe kwake.

Tatizo likija, kusanya habari kwanza

Mfanyakazi mzuri anaanza kuchelewa. Wiki ya kwanza mara mbili, wiki ya pili mara tatu. Shefu mwenye haraka anaandika barua ya onyo, wengine wanacheka, mambo yanaisha. Je, yameisha?

Hapa pia kuna hatua nne. Pata habari zote. Pima na uamue. Chukua hatua. Angalia matokeo. Kupata habari maana yake ni kuangalia daftari lake la nyuma, kanuni za kampuni, na zaidi ya yote kumsikiliza mwenyewe faraghani. Labda anatoka Ruashi, na basi la kampuni limebadilisha njia bila yeye kuambiwa. Labda ana mgonjwa nyumbani. Labda ni pombe kweli. Magonjwa matatu hayawezi kutibiwa kwa dawa moja. Baada ya kuamua, rudi kuangalia kama uamuzi umesaidia, juu wengi wetu tunaishia hatua ya tatu.

Hapo ndipo sheria inaingia, lile jambo la kujua madaraka yako. Sheria namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, ile tunaita Code du travail, inasema katika kifungu cha 62 kwamba mkataba usio na muda maalum hauvunjwi na mwajiri bila sababu halali. Sababu hiyo ihusu uwezo au mwenendo wa mtu kazini, au mahitaji ya kampuni yenyewe. Kabila si sababu halali. Mimba si sababu halali. Kuwa mwanachama wa sendika si sababu halali. Shefu anayemfukuza mtu kwa hasira anaipeleka kampuni yake mbele ya mkaguzi wa kazi mikono mitupu.

Hiyo inagusa pia tabia yetu ya "mutoto ya kwetu". Ukimpa ndugu yako zamu nyepesi kila wiki, hakuna ustadi hapa juu utakaokuokoa. Watu wanahesabu zamu kuliko wanavyohesabu maneno.

Mipaka ya shefu mdogo

Niseme ukweli huu pia. Kuna mambo ambayo msimamizi hawezi kuyaponya. Mshahara ukichelewa miezi miwili, hotuba yako nzuri haitamlipia mtu kodi ya nyumba wala ada ya watoto. Nimeona mahali ambapo mashefu wadogo walitumwa kuwaambia watu "kesho, kesho" huku wakijua kesho hakuna kitu. Walipoteza ekipi zao kwa uongo ambao haukuwa wao. Ukiwa huna jibu, sema huna jibu, sema umepeleka swali kwa nani na utarudi lini kuwaeleza. Kisha urudi siku hiyo, hata ukiwa bado huna kitu mkononi.

Wapi pa kujifunza, na pa kuanzia

Waajiri wetu wanachangia kwa sheria INPP, taasisi ya taifa ya matayarisho ya ufundi iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo kazi yake ni kufundisha na kuendeleza wafanyakazi. Ukiwa shefu, muulize mkuu wa wafanyakazi: mchango wetu unatufaidisha kitu gani? Wasimamizi wetu waliosoma usimamizi ni wangapi? Ni swali la haki kabisa.

Lakini usingoje mafunzo ili uanze. Chukua karatasi moja. Upande wa kushoto andika kazi zote za ekipi yako. Juu andika majina ya watu wako. Weka alama pale ambapo mtu anajua kazi kiasi cha kuifanya peke yake, na umemwona akiifanya. Usijaze kwa kudhani.

Utaona mambo mawili. Kuna kazi ambayo mtu mmoja tu anaijua, na siku atakayougua kiwanda kitasimama. Na kuna mtu ambaye ana alama moja tu, miaka minne baada ya kuajiriwa, juu hakuna aliyekaa naye nusu saa. Chagua moja kati ya hayo, andika tarehe pembeni ya jina lake, na umtafute siku hiyo ukiwa na funguo zako mkononi.